Dallas hadi Lancaster kwa gari-nyumba: mimi na mke wangu tulivyozungukia marafiki na huduma (uzi mrefu)

Mwana Rorya (mwanzisha uzi)

Bwana asifiwe wadau. Na wale wa salamu nyingine, habari zenu.

Kule kwenye uzi wa likizo kuna mdau aliuliza kama yupo Mbongo aliyewahi kusafiri na hizi nyumba za magurudumu huku Marekani, akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya wazungu wastaafu. Basi mimi na Mama Neema tumefanya, Oktoba 2025, kutoka Dallas mpaka Lancaster, Pennsylvania, kwa njia ya kuzunguka. Hatukufuata mbuga wala fukwe. Tulifuata watu: marafiki tuliosali nao zamani, watumishi tunaowafahamu, na wazee wawili waliofanya kazi Shirati, kwetu Rorya mkoani Mara, kabla sijazaliwa.

Najua swali la kwanza litakuwa kwa nini tusipande ndege tukalala hoteli. Wenyeji wetu wengi ni watu wazima sana au wanakaa nyumba ndogo. Mwambie bibi wa miaka themanini na kitu "tunakuja kulala kwenu" uone atakavyohangaika na mashuka wiki nzima. Mwambie "tunakuja na kitanda chetu, tunaomba pa kuegesha na soketi moja", atacheka na kukuambia mkae mpaka mchoke. Sisi tumelelewa kwamba mgeni analala ndani na anapewa chumba cha mwenye nyumba. Huku ukilazimisha hivyo unapewa kahawa, unaagwa. Ukiegesha uani, asubuhi wanakugongea wenyewe wakiwa na sahani ya mayai.

Gari lenyewe ni lile la aina ya C, lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, limejengwa juu ya Ford E-450. Urefu futi 28. Tulilikodi kwa mtu binafsi kupitia mtandao. Leseni ya kawaida inatosha majimbo mengi kwa gari la chini ya pauni 26,000, na hili uzito wake wa juu ni pauni 14,500, yaani tani sita na nusu hivi.

Nitaleta kituo kwa kituo. Nipo kazini, nivumilieni.

---

Binti Ushashi

Naweka kambi hapa. Uzi bila picha haujakamilika lakini, mkuu.

---

Fundi Bomba

Mkuu kabla hujaenda mbali, mafuta? Hilo dude linakunywa kiasi gani? Na choo mnakimwagaje? Usituruke.

---

Mwana Rorya

@Fundi Bomba mafuta ndiyo maumivu. Galoni moja maili 8 mpaka 10. Kwa hesabu ya nyumbani ni lita moja kwa kilomita tatu na nusu, nne ukiwa na bahati na upepo uko nyuma yako. Tangi ni galoni 55. Usipige hesabu ya safari hii ukianzia bei ya kukodi, anzia mafuta.

Choo nakuachia wewe fundi. Kuna matangi matatu: maji safi, maji ya sinki na bafu, na la choo. Ukifika kwenye kituo cha kumwaga unavaa glovu, unaunganisha mpira mnene kwenye shimo la chini ya gari, unafungua valvu ya choo KWANZA. Ikiisha ndipo unafungua ya maji ya sinki, yale maji ya sabuni yanasukuma kilichobaki kwenye mpira. Ukigeuza mpangilio, umebaki na mpira mchafu mkononi na watu wanasubiri foleni nyuma yako. Na usiache valvu ya choo wazi muda wote mkiwa mmeegesha. Maji yanatoka, kigumu kinabaki kinajenga mnara.

@Binti Ushashi picha za gari zitakuja. Za watu sipandishi, wengi ni wazee na sikuwaomba.

---

Mama Neema

Nimejiunga humu kwa ajili ya uzi huu tu. Baba Neema anasema "unavaa glovu, unaunganisha mpira" kama vile alikuwa peke yake. Aliyekuwa anashika tochi ni nani?

---

Dereva Mstaafu

😂😂 Shemeji karibu sana. Tutapata ukweli wote leo.

---

Mwana Rorya

Haya, twende.

Kituo cha kwanza Lindale, Texas, mashariki mwa Dallas kwa barabara ya I-20. Pale jirani, Garden Valley, ndipo yalipo makao ya Mercy Ships, wale wenye meli za hospitali zinazotia nanga bandari za Afrika na kufanya upasuaji bure. Rafiki yetu anafanya kazi ofisini. Watu wanadhani huduma ya meli ni madaktari tu, kumbe kuna jeshi zima la watu wa nchi kavu wanaohangaika na vipuri, viza na makontena. Tulilala usiku mmoja, tukaendelea.

Kutoka hapo I-30 mpaka Little Rock, Arkansas, makao ya Heifer International, shirika la kugawa mifugo. Wafugaji wa humu watakuwa wanawajua kwa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Mwanzilishi, Dan West, alikuwa mkulima, muumini wa kanisa la Church of the Brethren. Alikuwa Hispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe akigawa maziwa kwa watoto, akaona maziwa yanaisha na foleni haiishi, akawaza: kwa nini tusiwape ng'ombe? Mwaka 1944 wakapeleka mitamba ya kwanza Puerto Rico. Sharti ni lile lile mpaka leo: ndama jike wa kwanza anakwenda kwa jirani. Mama Neema ameona kwao mtamba wa namna hiyo ukipita nyumba hadi nyumba, kwa hiyo alisimama pale kama amefika kwa mjomba.

Memphis tulivuka Mississippi, tukapita Mason Temple, kanisa ambalo Martin Luther King alitoa hotuba yake ya mwisho usiku wa tarehe 3 Aprili 1968. Hatukukaa. Mji wenye mitaa myembamba na gari la futi 28 si marafiki.

Usiku kati ya miji tulilala maegesho ya makanisa. Unapiga simu ofisini mchana, unajitambulisha, unaomba. Baadhi ya maduka ya Walmart nayo yanaruhusu, ila si yote, lazima uingie ndani umuulize meneja. Viwanja vya kambi vyenye umeme, maji na shimo la choo tulilipa kati ya dola 45 na 65 kwa usiku, na tulivitumia pale tu matangi yalipotulazimisha.

---

Mdadisi

Mkuu naheshimu safari yako, ila kwa hesabu ya mafuta maili 8 kwa galoni hii ni anasa ya kiroho. Hizo hela mngetuma kanisa la kijijini wangeezeka bati.

---

Mama Neema

@Mdadisi bati tumetuma, na risiti tunazo. Mwanangu aliolewa mwaka juzi hukuuliza kwa nini hatukutuma hela ya keki.

---

Binti Ushashi

Nimecheka kwa sauti ofisini. Endelea kaka.

---

Mwana Rorya

Milimani sasa. I-40 kati ya Tennessee na North Carolina inapita kwenye bonde la mto Pigeon. Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kilikula barabara pale, sehemu kubwa ya upande mmoja ikaporomokea mtoni. Tulipopita ilikuwa njia moja kwenda, moja kurudi, maili 35 kwa saa, na mitambo chini mtoni inaendelea kujenga. Nilishika usukani kwa mikono miwili na sikuongea.

Baada ya Asheville unashuka I-26 upande wa Saluda, mteremko wa asilimia 6. Hapa ndipo wageni wa magari haya wanapochoma breki. Kuna kitufe mwishoni mwa gia, kile cha kuvuta mzigo. Ukikibonyeza, gia inashuka yenyewe na injini ndiyo inashika gari, inanguruma kama inataka kupasuka lakini ndiyo kazi yake. Mguu unagusa breki kidogo, unaachia, unagusa tena. Sahani ndani ya kabati zilikuwa zinaimba.

Halafu Waxhaw, kusini mwa Charlotte, na hapa nitakaa.

Waxhaw kuna JAARS, kitengo cha ndege na ufundi kilichoanzishwa na Cameron Townsend mwaka 1948 kuwahudumia watafsiri wa Biblia waliokuwa msituni Amerika ya Kusini. Wana uwanja wao wa ndege, karakana, shule ya marubani, na sehemu ya kuegesha magari kama letu kwa wanaokuja kujitolea. Ndiyo maana nawaambia msiende kama watalii. Ukienda kutembezwa unapewa saa moja na kipeperushi. Ukienda kufanya kazi, hata ya kufagia karakana, saa nne asubuhi mnakunywa chai pamoja na fundi anakuambia ndege ile ilianguka wapi na nani aliitengeneza.

Mimi nilipangiwa kupaka rangi uzio pamoja na mzee mmoja. Aliponiuliza natokea wapi nikamwambia Mara, akaacha brashi. Anaujua mradi wa Musoma, ule wa kutafsiri kwa lugha nyingi za Mara kwa pamoja: Kiikizu, Kizanaki, Kikabwa, Kisimbiti na nyingine. Mama yangu ni Msimbiti. Nimekaa Marekani miaka yote hii, mtu wa kwanza kunitajia Kisimbiti bila mimi kumwambia kwamba kipo ni mzungu mwenye rangi kwenye ndevu huko North Carolina.

Wana pia makumbusho ya alfabeti, ukumbi baada ya ukumbi wa maandishi ya dunia. Mama Neema alikaa humo mpaka wakafunga.

---

Nyakato

Hiyo ya Musoma ni kweli, dada yangu aliwahi kuwa msomaji wa majaribio wa Kikabwa. Walikuwa wanamsomea kifungu halafu wanamuuliza ameelewa nini. Akisema hajaelewa, wanafurahi.

Kwa yule mwinjilisti Billy Graham mlipita? Si ni huko huko Charlotte?

---

Mwana Rorya

@Nyakato tulipita. Jengo la maktaba yake limejengwa mfano wa zizi la ng'ombe wa maziwa, maana alikulia kwenye shamba la maziwa hapo Charlotte, na mlangoni kuna msalaba mkubwa wa kioo. Kuingia bure. Kaburi liko bustanini. Jeneza lake lilitengenezwa na wafungwa wa gereza la Angola, Louisiana, kwa mbao za kawaida za plaiwudi. Wazee wa Moshi watakumbuka alihubiri kwao mwaka 1960. Zaidi ya hapo ni sehemu ya kutembezwa, na msimamo wangu kuhusu kutembezwa mmeshausoma.

---

Dereva Mstaafu

Ongezea hili kwa madereva: kama mnaelekea kaskazini msifuate I-95 kupitia Baltimore. Mahandaki mawili ya barabara ya pale, Harbor na Fort McHenry, hayaruhusu magari yenye mitungi ya gesi, na haya yote yana gesi ya jiko na hita. Zamani tulikuwa tunazunguka kwa daraja la Key, likagongwa na meli Machi 2024 likaanguka. Sasa ni kuzunguka kwa barabara ya I-695 upande wa magharibi. Simu yako ya ramani haijui kama una gesi.

---

Mwana Rorya

@Dereva Mstaafu asante mkuu, ndiyo maana tulipanda I-77 kisha I-81, tukakwepa pwani yote. Fancy Gap, kule milimani kwenye I-77, kuna ukungu na upepo wa ubavu, ila hakuna handaki la kukukatalia gesi.

Harrisonburg, Virginia, tulipumzika kwa kijana wetu anayesoma Eastern Mennonite, chuo cha dhehebu la Kikristo la Wamennonite. Ni chuo kidogo lakini kile kitengo chao cha kujenga amani kimesomesha watu: Leymah Gbowee wa Liberia alichukua shahada ya pili pale kabla ya Nobel ya 2011. Kijana alikuwa na njaa tu. Mama Neema alipika wali na maharage kwenye jiko la gesi la gari, wakaja wenzake, tukawa tunakula kwa zamu maana ndani meza inatosha watu wanne.

Sasa Lancaster.

Kwa msiojua historia: Wamennonite wa kaunti hii ndio waliotuma wamisionari Tanganyika mwaka 1934, Elam na Elizabeth Stauffer pamoja na John na Ruth Mosemann, wakaanzia Shirati. Huko ndiko ilikotoka KMT (Kanisa la Mennonite Tanzania), hospitali na chuo cha uuguzi. Kwa hiyo kwa mtu wa Rorya, kufika Lancaster ni kama kufika kijiji cha upande wa pili wa familia. Barabarani kuna mikokoteni ya farasi ya Waamishi (Wakristo wasiomiliki magari), unaendesha taratibu nyuma yake huna haraka, na yale madaraja ya mbao yenye paa usiyajaribu, utaacha kiyoyozi chako juu.

Wazee wetu wa Shirati tuliwakuta wamesimama uani wanaelekeza kuegesha, mzee mkono wa kushoto, bibi wa kulia, kila mmoja anaonyesha upande wake. Nilipozima injini bibi akaja dirishani akasema, "Karibuni, mmechelewa, chai imekuwa uji." Kiswahili kile cha Mara, cha kuburuza kidogo kama Mjaluo. Chai ya maziwa imechemshwa kwenye sufuria, siyo ile ya kuchovya mfuko.

Tulikaa siku kadhaa. Soketi ya gereji yao ni ya ampia 15, inatosha friji, taa na simu. Ukiwasha kiyoyozi unazima umeme wa mwenyeji, kwa hiyo hatukuwasha. Asubuhi mzee alikuwa anakuja kwenye gari letu, siyo sisi ndani kwake, anakaa kwenye kiti cha abiria kilichogeuzwa nyuma na kikombe chake. Mke wake aliniambia tangu magoti yaharibike hajawahi kutoka nje mapema hivyo.

Ana daftari la maombi. Ni daftari letu kabisa, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, limefungwa kwa mpira. Ndani kuna majina ya watu wa Shirati, Utegi, Kowak, na kando ya kila jina penseli ndogo: mgonjwa, amehamia Mwanza, mtoto kafaulu. Akaniambia nimsaidie kulisahihisha, maana habari zake ni za zamani. Nikampigia baba mdogo Utegi kwa WhatsApp. Kule ilikuwa jioni, akaita jirani, jirani akaita mwalimu mstaafu, mara simu ikawa imezungukwa na nusu ya kijiji. Mzee anataja jina, wao wanajibu kwa pamoja: "Yupo!" au wananyamaza kidogo halafu mmoja anasema mwaka. Pale walipotofautiana mwaka ilikuwa vita. Betri ya simu iliisha tuko herufi ya N, na huko kwetu mnajua herufi N na O ndizo zenye watu.

---

Mdadisi

Hapo umenigusa, sikatai. Lakini tusiwapake hawa watu asali. Walikuja wakati wa ukoloni, wakakaa kwenye nyumba zao nzuri mlimani, babu zetu wakaingilia mlango wa jikoni.

---

Mwana Rorya

@Mdadisi hujakosea, na mzee mwenyewe hakukwepa. Alisema alipofika miaka ya sitini alikuta wazee wa uamsho, ule ulioanza Shirati mwaka 1942, wakamkalisha chini wakamwambia mbele ya mke wake kwamba ana kiburi na anapanga ratiba ya watu bila kuwauliza. Anasema alikasirika mwezi mzima. Kanisa lilikuwa limeshajitegemea tangu 1960, na mwaka 1967 Zedekia Kisare akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika. Kwa hiyo bosi wake alikuwa Mjaluo wa Shirati. Nilimuuliza ilikuwaje. Akajibu, "Alinifundisha kusubiri nje ya ofisi."

---

Mdadisi

Hilo jibu nalikubali.

---

Mama Neema

Mimi niongeze kitu ambacho Baba Neema amekiruka kwa sababu alikuwa amelala garini.

Bibi alinipeleka Ephrata, kwenye ghala la MCC, shirika la misaada la Wamennonite. Wanafunga ndoo za galoni 5 zenye taulo, sabuni, miswaki na vitu vya namna hiyo kwa wakimbizi na waliokumbwa na majanga. Mfuniko haufungi mpaka uwe umekunja taulo vizuri, na kuna bibi mmoja mkali anakagua. Upande wa pili wanatengeneza mablanketi ya viraka: kitambaa kimevutwa kwenye fremu ya mbao, mmekaa pande zote, unachoma sindano chini, unairudisha juu, unafunga fundo, unakata. Fundo likiwa legevu jirani yako analifungua kimya kimya na kulifunga upya. Mimi ni muuguzi, nimeshona watu, lakini fundo langu la kwanza lilifunguliwa.

Wakanieleza pia kuhusu lori lao la kusindika nyama kwenye makopo. Linazunguka kuanzia Oktoba mpaka majira ya kuchipua, mji mmoja baada ya mwingine, watu wa kila mji ndio wanaojaza makopo. Kwa hiyo kumbe si sisi tu tunaozunguka na jiko.

Mabinti wa humu mnaotamani hii safari: nafasi ni ndogo sana. Kama mmekorofishana na mume, hakuna chumba cha kukimbilia. Mtapatana, au atalala kile kitanda cha juu ya usukani.

---

Fundi Bomba

@Mwana Rorya ulilala juu ya usukani mara ngapi mkuu? 😂

---

Mwana Rorya

Swali linalofuata.

---

Nyakato

Kuhusu kukodi jamani muwe makini. Mimi kampuni moja ilishika amana yangu kwa mchubuko uliokuwepo tangu mwanzo. Pigeni video ya gari lote, ndani, nje na juu ya paa, kabla hamjaondoka, huku mwenye gari akiwepo.

---

Dereva Mstaafu

Sahihi. Na bima ya gari lako dogo kwa kawaida haikufuati kwenye hili, chukua inayokuja na gari.

@Mwana Rorya sisi huku Minnesota tuna ushirika wa Bega kwa Bega, sinodi ya Saint Paul na dayosisi ya Iringa, zote za Kilutheri, miaka mingi sasa. Waliowahi kwenda Iringa wamejaa, na wazee wa aina ya huyo wako tunao. Kwa nini msije Januari, tuna ibada ya Kiswahili na ugali upo.

---

Mwana Rorya

@Dereva Mstaafu Januari hapana mkuu. Kwenye baridi yenu mabomba ya hili gari yanapasuka usiku wa kwanza. Wenye nayo huko wanamwaga maji yote mwezi wa kumi na kujaza kile kimiminika cha pinki mpaka theluji iishe. Mei tutakuja, Mama Neema ameshaomba likizo. Tafuta pa kuegesha palipo sawa, futi 30, maana friji ya gesi haipendi gari likilala upande. Na kama kuna mti unaoning'inia, kata tawi mapema.

---

Mama Neema

Na soketi iwe ya ampia 30. Mei nitataka kiyoyozi.